Moto Usiofuka Moshi

Msafiri atokaye Dar es Salaam, akishaupanda Mlima Kitonga na kuingia Ilula, hupokewa na nyanya: matenga kwa matenga kando ya barabara kuu, na vitunguu vimewekwa jirani yake. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, hulisha masoko ya mbali. Lakini nyanya zake huishia pia kwenye sufuria za wenyeji, na sufuria hizo zimekaa miaka mingi juu ya kuni au mkaa. Sasa hali inabadilika. Maji ya Mto Ruaha Mkuu, yanayozungusha mitambo Mtera na kisha kuizungusha tena ile ya Kidatu chini yake, hutoa umeme unaoweza kuivisha maharage. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na jiko la umeme ni mojawapo ya njia zake. Tunapoambiwa tulikaribishe jikoni, ni haki tulijue. Je, wajua kwamba kinachoivisha chakula na kinachounguza nyumba, katika jiko hili, ni kitu kilekile? Hoja ya makala haya ni hiyo: jiko la umeme lina kazi moja tu, kutoa joto mahali pamoja palipochaguliwa, na hatari zake nyingi, pamoja na sehemu kubwa ya gharama yake, ni joto lililotokea mahali pengine.

Umeme ukipita katika waya mnene wa shaba hupita kwa wepesi. Ukikutana na waya unaoupinga, sehemu ya nguvu yake hugeuka joto. James Joule, Mwingereza mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1840 na kukuta kwamba joto hukua kwa kasi kuliko mkondo wenyewe: ukiongeza mkondo wa umeme mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kanuni ilijulikana, lakini majiko yalichelewa, kwa sababu nyaya za wakati ule zilipofikia wekundu ziliungua na kukatika. Jawabu lilipatikana Marekani mwaka 1906, Albert Marsh alipopewa hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromi, yaani nikromu. Waya wa nikromu ukipata moto hujifunika utando mwembamba wa oksidi ya kromi, na utando huo huzuia hewa isiendelee kuula. Ndiyo maana koili ya jiko inaweza kuwaka nyekundu mamia ya mara bila kukatika. Katika jiko la pleti ya chuma, waya huo hauonekani. Umezikwa ndani ya unga wa oksidi ya magnesi, kitu cha ajabu kidogo, kwani hupitisha joto lakini hukataa kupitisha umeme. Kwa hiyo pleti huunguza bila kurusha shoti.

Sasa tuifuate kanuni ya Joule mpaka ukutani. Pleti ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na ukinzani wake ni kama omu 26. Tuseme plagi yake imelegea katika soketi, au skrubu iliyoshika waya ndani ya soketi haikukazwa vizuri, na hapo pakatokea ukinzani wa nusu omu tu. Piga hesabu: nusu omu hiyo itatoa joto la karibu wati 38. Ukilinganisha na pleti ni kidogo sana, lakini ni joto la kiasi kile kile kinachotumiwa na fundi redio kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya, nalo limefungiwa ndani ya plastiki, nyuma ya ukuta, saa nzima ya kupika maharage. Plastiki hulainika, chuma hupata kutu ya joto, ukinzani unaongezeka, na joto linaongezeka tena. Bila kujua, mwenye nyumba ana majiko mawili, moja chini ya sufuria na jingine ndani ya soketi. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba ni jiko la tatu, hasa ikiachwa imeviringishwa kama kamba, maana joto la kila mzunguko hukosa pa kutokea. Plagi ya kawaida ya pini tatu imeundwa kubeba ampea 13, yaani wati 3,000 hivi na si zaidi. Jiko la pleti nne na oveni laweza kuvuta mara mbili ya kiasi hicho au zaidi. Jiko la namna hiyo halitakiwi kuchomekwa kwenye soketi yoyote. Linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, aghalabu wa milimita 6 za mraba, na swichi yake kubwa ukutani. Kufunga fyuzi kwa kipande cha waya ili “isisumbue” ni kumfukuza mbwa wa mlangoni kwa sababu anabweka.

Hatari isiyo ya joto ni umeme kuvuja, na hapo kuna jambo moja la Ilula lenyewe ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya havilifikirii. Jiko lenye bodi ya chuma lazima liunganishwe na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kumpitia mpishi. Ila ardhi hupitisha umeme kwa sababu ina unyevu, na upande huu wa Iringa mvua hunyesha takribani kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, kisha udongo hukauka miezi mingi. Fimbo ya ethi iliyopimwa vyema Februari inaweza kuwa dhaifu ifikapo Oktoba. Ikiwa ukinzani wa ardhi umefika omu 100, umeme utakaovuja ni ampea 2.3 tu, sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo, na bodi ya jiko itabaki na umeme wa kuua. Hivyo ethi peke yake haitoshi. Panahitajika pia breka ya kuvuja kwa umeme, ile inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata mara tofauti yao inapofika miliampea 30, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea moja. Nyumba isiyo nayo haijawa tayari kwa jiko la chuma, hata kama taa zake zinawaka vizuri.

Msomaji mwenye busara atauliza: ikiwa umeme una mitego yote hii, si afadhali kubaki na mkaa tunaoujua? Swali ni la haki, na halistahili jibu la haraka. Ni kweli kwamba mkaa haurushi shoti. Lakini tumezoea madhara yake mpaka tumeacha kuyahesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Na katika nyanda hizi za juu, usiku wa Juni na Julai, jiko la mkaa huingizwa chumbani kutafuta joto huku madirisha yamefungwa. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu wala rangi, na hakuna fundi anayeweza kuukaza mkaa ili uache kuitoa. Hapo ndipo tofauti ilipo: hatari ya mkaa imo ndani ya mkaa wenyewe, wakati hatari ya jiko la umeme iko kwenye kiungo kilicholegea, waya mwembamba au ethi iliyokauka, vitu vinavyoweza kukaguliwa na kurekebishwa. Mimi naona hiyo ni sababu ya kutosha kuhama, kwa sharti kwamba ukaguzi ufanyike kweli, na ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, badala ya yeyote mwenye bisibisi.

Hata hivyo, kuhama moto ni kuhama mazoea. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto, na mtoto aliyelelewa na mafiga hujifunza mapema kusoma dalili: moshi, wekundu, majivu. Jiko la umeme limeziondoa dalili hizo zote. Pleti ya chuma iliyozimwa huwa nyeusi vilevile kama ya jana, ilhali bado inaweza kumbabua mtoto dakika nyingi baadaye. Hatari nyingine hujificha katika kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika, au uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha katikati ya mapishi, jiko hukaa kimya na mpishi hujiondokea, pengine akaweka kitambaa au kapu juu ya pleti kwa kuwa ni kama meza. Saa mbili baadaye mtu mwingine wa nyumba hiyo anaingiza zile tarakimu 20 za tokeni, taa zinawaka, watu wanafurahi, na kule jikoni pleti inaanza kupata moto chini ya kitambaa. Mkaa ukizimika umezimika. Jiko la umeme husubiri. Kwa hiyo umeme unapokatika, mkono wa kwanza uende kwenye swichi ya jiko kabla ya kwenda kutafuta tochi.

Aina ya jiko nayo ina uzito. Jiko la bei nafuu lenye koili iliyo wazi juu ya tofali la udongo hupata moto haraka, lakini ule waya mwekundu unaoonekana ndio wenye umeme wenyewe. Rojo la nyanya likifurika, na rojo lenye chumvi na asidi hupitisha umeme vizuri, linaweza kuunganisha koili na sufuria, na sufuria na kijiko cha chuma kilichomo mkononi. Katika mji wa nyanya, ningeshauri koili ya wazi iepukwe kabisa. Pleti iliyofungwa ni salama zaidi na matunzo yake si mazito: isimwagiwe maji baridi ikiwa ya moto, kwa kuwa chuma cha kusubu hupasuka, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu ikishapoa na plagi ikiwa imechomolewa, kisha iwashwe kidogo ikauke na kupakwa mafuta membamba ya kupikia ili isishike kutu. Na mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima jiko, funika sufuria, usiyamwagie maji kamwe.

Pingamizi la ugali hulisikia kila anayelitaja jiko hili: kwamba ugali wa umeme haunogi, au hausongeki. Kwa upande wa joto, sembe haiwezi kujua joto limetoka wapi. Kwa upande wa kusonga, wasemao hivyo wana hoja nzito. Mafiga matatu yamekaa ardhini na yanastahimili nguvu ya mwiko. Jiko jepesi la pleti moja lililowekwa mezani huteleza, na maji yanayochemka huenda nalo. Jawabu ni kuliweka jiko chini ya usawa wa kiuno, kwenye sehemu pana isiyoteleza, sufuria isizidi pleti sana kwa upana, na waya upite nyuma mahali ambapo hakuna mguu unaopita. Kitako cha sufuria kiwe bapa. Sufuria iliyobonyea huacha hewa kati yake na pleti, chakula kinachelewa, na pleti inabaki na joto lake mpaka inajichosha.

Hapo tunafika kwenye fedha. Pleti ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili kwa siku hula uniti 3, sawa na 90 kwa mwezi, na mteja wa matumizi madogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo anatakiwa asivuke 75. Kusema umeme ni nafuu kwa kila pishi si kusema kweli. Kwa maharage ya saa tatu juu ya pleti ya kawaida, mkaa unaweza kushinda. Lakini kwenye mwinuko wa meta 1,500, kama mjini Iringa, maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100, na ndiyo sababu mojawapo maharage ya huku hukawia. Jiko la presha la umeme hulitatua hilo: hufunga mvuke, hupandisha joto hadi takribani nyuzi 110, na kwa kuwa limezungushiwa kinga ya kutunza joto, hujizima na kujiwasha lenyewe na kuivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Joto likikaa panapotakiwa, usalama na akiba huja pamoja. Angalia tu tundu la kutolea mvuke lisizibwe na maganda, na mfuniko usilazimishwe kabla presha haijaisha.

Leo ukimaliza kupika, zima swichi, chomoa plagi na uiguse mwilini mwake kwa mgongo wa mkono, si kwenye pini. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ina moto wa kukufanya uondoe mkono, au soketi ina doa la kahawia na harufu ya plastiki iliyoungua, jiko hilo lisiwashwe tena mpaka fundi aifungue soketi. Na moto ukiwa umekwisha kushika, kata umeme kwenye swichi kuu, toa watu nje, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.