Mtoto Mwenye Mafua Akae Nyumbani

Zamani nikifundisha hapa Mkange nilimsifu mbele ya wenziwe mtoto aliyekuja darasani huku akikohoa, kwa kuwa hakukosa hata siku moja. Juma la pili yake wengi hawakuja. Sifa ile yanichoma hata leo.

Mwenye mafua makali aweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajiona mgonjwa, na baada ya kuugua siku 5 hata 7. Watoto wadogo huzidi. Mwaka 1918 maradhi hayo yaliingia Afrika Mashariki kwa njia ya bandari, yakafuatana na askari na wapagazi wa vita, hata vijiji vya mbali na pwani vikajaa misiba.

Basi mgonjwa na alale peke yake, dirisha likiwa wazi. Akikohoa azibe kinywa kwa kitambaa au kwa kiwiko. Awe na kikombe chake. Kata ya mtungini haishukiwi na mtu, nayo hupita vinywani mwa nyumba nzima. Wote wanawe kwa sabuni. Asipewe aspirini mtoto, na akipumua kwa shida apelekwe zahanati upesi, pasipo kungoja kuche.

Nawe mwalimu, atakaporudi amepona, mpokee bila kumwuliza siku alizokosa.