Helikopta ya mtumba Rusizi: hesabu ya kufanya kabla ya kutoa arbuni

CYANGUGU – Kwa miguu, daraja la Rusizi I humvusha mfanyabiashara kutoka Rwanda hadi Bukavu kwa dakika chache. Anayetaka kununua helikopta ya injini moja iliyotumika, abebe abiria na mizigo katika eneo hili, asidhani kuwa angani mambo ni hivyo hivyo. Bei anayotajiwa na dalali ni mwanzo tu wa hesabu.

Saa zilizobaki

Robinson R44, yenye viti vinne pamoja na cha rubani, hupaswa kufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Iliyokwisha kuruka saa 1,900 imebakiza 300. Ikifanya kazi saa 25 kwa mwezi, baada ya mwaka mmoja itaingia karakana, na gharama yake inaweza kuzidi bei iliyonunuliwa. Ndiyo maana ya kuonekana rahisi.

Daftari za matengenezo zikaguliwe na fundi asiyelipwa na muuzaji. Kipuri chenye ukomo wa saa kikikosa karatasi zake, kihesabiwe kuwa kimekwisha.

Mwinuko na mafuta

Uwanja wa Kamembe uko takriban mita 1,590 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,400. Injini na pangaboi hupoteza nguvu, hivyo abiria au mzigo hupunguzwa. Mnunuzi adai jedwali la uwezo kwa mwinuko na joto hilo.

R44 hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo ni adimu kuliko Jet A-1 inayotumiwa na helikopta za tabo kama Bell 206 na AS350. Kwa kazi ya kuning'iniza mizigo, AS350 B3, ambayo kulabu yake hubeba hadi kilo 1,400, inafaa zaidi, ingawa ni ghali zaidi.

Ziwa Kivu nalo lihesabiwe. Injini moja ikizimika mbali na nchi kavu, helikopta isiyo na maboya haina pa kutua.

Mpaka

Kuvuka mto Rusizi kwa helikopta ni safari ya kimataifa. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na nchi inaweza kuagiza ndege ya kigeni itue katika uwanja wa forodha. Vilevile inaweza kuikataza kubeba abiria wa kulipa kati ya miji yake ya ndani.

Hatari hiyo si ya vitabuni. Februari 2025, Kinshasa ilifunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda. Mwenye biashara inayotegemea kuvuka mpaka angebaki na mashine ardhini huku bima na mkopo vikiendelea kudaiwa.

Kwa hiyo usajili uchaguliwe kulingana na mahali wateja walipo, na mamlaka za anga za nchi zote mbili ziulizwe kwanza. Hesabu ipigwe kwa kazi ya upande mmoja wa mto tu. Isipolipa hivyo, arbuni ibaki mfukoni.