Je, Wajua? Gari Lisilo na Pedali ya Klachi Ndilo Lenye Klachi Nyingi

Gari la manyo lina klachi moja. La otomatiki, ambalo dereva wake hana hata pedali ya kuikanyagia, lina kadhaa. Chukua A340 ya Toyota, gia boksi ya gia nne iliyofungwa kwenye Hilux Surf na kwenye Supra ya injini ya 2JZ. Ndani yake mna klachi tatu za pleti, breki nne (tatu za pleti, moja ya mkanda), na klachi tatu za upande mmoja, zile zinazokubali kuzunguka huku na kugoma kule. Meno ya gia hayahami, yameshikana muda wote. Kinachobadilika ni sehemu ipi imebanwa na ipi imeachiwa. Kwa hiyo fundi akikwambia anaifanyia gia boksi ya otomatiki ovahoo, sehemu kubwa ya kazi yake ni hizo klachi.

Je, wajua klachi hizo zimetengenezwa kwa nini? Kwa sehemu kubwa, karatasi. Pleti hupangwa kwa kupishana: moja ya chuma kitupu, inayofuata ina utando wa msuguano pande zote mbili. Utando huo ni nyuzi za selulosi na nyuzi nyingine zinazostahimili joto, zilizoshikanishwa kwa gundi kali na kubandikwa kwenye chuma, na unene wake kila upande kwa kawaida haufiki milimita moja. Gari la tani mbili hupanda mlima likishikiliwa na karatasi iliyolowa mafuta! Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza kwamba maandishi yaliyochapwa juu ya utando yakifutika, hata sehemu tu, pleti zibadilishwe.

Kinachozibana ni mafuta yenyewe. Pampu ikitoa presha ya bari 10, pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 100 huzisukuma pleti kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja hivi. Nguvu yote hiyo hutegemea sili ya mpira iliyozunguka pistoni. Mpira ukikakamaa au ukipasuka, presha huvuja, pleti hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinapata joto. Utando hugeuka mweusi, pleti za chuma hutoka madoa ya bluu, na mafuta hunuka kama kitu kilichoungua jikoni.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Pleti iliyoungua ni matokeo. Anayebadilisha pleti akarudisha sili ya zamani ameandaa moto wa pili. Huku kwetu, ambako magari mengi hushushwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yameshatumika Japani, wengi huona heri wafunge gia boksi ya mtumba. Nawaelewa, maana ni haraka. Lakini hiyo nayo ina sili zenye miaka yake, na mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Ovahoo iliyofanywa kwa uangalifu, sili zote zikiwa mpya, naiamini zaidi.

Je, wajua kwamba nyangumi waliwahi kuchinjwa kwa ajili ya gia boksi? Mafuta ya otomatiki, ile haidroliki nyekundu, yana kazi mbili zinazopingana: kulainisha, na papo hapo kuziacha pleti zishikane bila kutetemeka. Kwa miaka mingi kiungo kilichosaidia jambo hilo Marekani kilikuwa mafuta ya nyangumi mkubwa mwenye kichwa cha mraba. Mwaka 1970 nchi hiyo ilimwingiza mnyama huyo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Kufikia hapo otomatiki ilikuwa na miongo mitatu sokoni: General Motors ilianza kuuza Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, na vitani kifaru chepesi cha M5 kikafungwa mbili kwa pamoja, moja kwa kila injini.

Turudi mezani kwa fundi. Akishapanga pleti mpya ndani ya ngoma na kufunga ringi, hupima kwa fila geji nafasi iliyobaki. Katika gia boksi nyingi ni kati ya nusu milimita na milimita mbili hivi, na kila klachi ina kipimo chake kitabuni. Ikizidi, pistoni husafiri mbali kabla ya kubana, na gia huchelewa kuingia. Ikipungua, pleti hukwaruzana hata zikiwa zimeachiwa, zikaungua huku dereva hana habari. Kuna pleti za chuma na ringi za unene tofauti. Fundi hujaribu moja baada ya nyingine mpaka kipimo kikae.

Kabla ya hapo pleti mpya zimelowekwa kwenye mafuta, maana zikifungwa kavu huungua mapema. Matambara hayatakiwi, kwa kuwa uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu. Grisi ya kawaida nayo haitakiwi. Vipande vidogo hushikizwa kwa mafuta ya mgando, ambayo huyeyuka na kuchanganyika na haidroliki. Kisha fundi hupuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la mafuta la kila klachi. Akisikia “tup” nzito, pistoni imebana. Akisikia mfyonyo mrefu, sili imekatika wakati wa kufunga, na itabidi afungue tena.

Magari ya sasa yana hatua ya ziada. Kompyuta ilikuwa imezoea pleti zilizochakaa na kurekebisha presha kulingana na uchakavu wake. Kumbukumbu hiyo ikiachwa, pleti mpya huweza kubanwa kwa kishindo. Kwa hiyo hufutwa kwa mashine ya uchunguzi, kisha gari huendeshwa taratibu, gia zikipanda na kushuka, mpaka kompyuta ijifunze upya.