Neno la Kweli Wakati wa Taharuki: Namna ya Kuwapokea Watu Wanaohama Programu za Simu

Msimu wa mavuno ya alizeti unapofika, wakulima wa Iramba, Mkalama na Ikungi mkoani Singida hupeleka magunia yao kwa wanunuzi wenye mizani. Tuseme kwamba siku moja yazuka maneno sokoni kuwa mzani wa mnunuzi mmoja unapunja. Kabla ya adhuhuri wakulima wameshavuka barabara na kupanga foleni kwa mnunuzi wa pili. Mnunuzi huyu hakuwaita. Hofu ndiyo iliyomletea. Sasa awaambie nini? Aweza kuwaonyesha alama ya ukaguzi iliyotiwa na Wakala wa Vipimo, na kuwaeleza waziwazi kwamba bei yake ni ya chini kidogo. Aweza pia kunyamaza kabisa juu ya mzani wake, akapaza sauti tu: “Mnamwona mwizi yule!” Njia zote mbili zitajaza ghala lake.

Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo baina ya njia hizo mbili pale ambapo kinachopimwa si alizeti, bali ni mazungumzo ya watu katika simu. Programu za mawasiliano hupata watumiaji wengi kwa siku chache wakati programu nyingine inapoingia katika utata. Wenye programu hizo huzungumza na watu hao kwa njia ya mitandao ya kijamii, kwa maneno machache yanayosambaa upesi. Yafaa basi tujiulize maneno hayo yanapaswa kuwa ya namna gani.

Mambo yalivyokuwa Januari 2021

Mwanzoni mwa Januari 2021, WhatsApp ilianza kuwaonyesha watumiaji wake taarifa kuhusu masharti mapya ya matumizi. Walitakiwa kuyakubali kabla ya tarehe 8 Februari, la sivyo wasingeendelea kuitumia programu hiyo. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na kununuliwa na kampuni ya Facebook mwaka 2014, na watu wengi walielewa kwamba Facebook sasa ingesoma barua zao za siri.

Sivyo ilivyokuwa. Mabadiliko makubwa yalihusu mazungumzo baina ya mtu na biashara: kampuni inayowasiliana na wateja kwa WhatsApp ingeweza kutumia huduma za Facebook kuhifadhi na kushughulikia mazungumzo hayo. Ama kuhusu kupeana na Facebook baadhi ya habari za watumiaji, kama vile namba ya simu, jambo hilo lilikuwa limeanza tangu mwaka 2016. Hivyo hofu ya watu haikuwa upuuzi mtupu. Ila ilielekezwa mahali pasipo pake, nayo ilichelewa miaka 4.

Tarehe 7 Januari tajiri Elon Musk aliandika katika Twitter maneno mawili tu, akiwahimiza watu watumie Signal. Umati ukaitikia. Baadhi ya wawekezaji, kwa pupa, walinunua hisa za kampuni nyingine ya Marekani iitwayo Signal Advance, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na programu hiyo; bei ya hisa moja ilipanda kutoka senti zipatazo 60 hadi zaidi ya dola 38 kwa siku chache. Pavel Durov, mwanzilishi wa Telegram, naye alitangaza kwamba programu yake imepata watumiaji wapya milioni 25 katika muda wa saa 72. Tarehe 15 Januari WhatsApp iliahirisha masharti yake hadi tarehe 15 Mei.

Kufuli na bahasha

Ili kuwapima wale waliowapokea wahamaji, hatuna budi kwanza kuelewa faragha ya simu inavyofanya kazi. Kwa kurahisisha, tuseme kwamba kila simu hutengeneza makufuli mengi yaliyo wazi pamoja na ufunguo mmoja tu. Makufuli hugawiwa kwa yeyote anayetaka kukuandikia. Ufunguo haubanduki kamwe katika simu yako. Anayekuandikia hufunga ujumbe kwa kufuli lako, na tangu hapo hakuna awezaye kuufungua njiani, hata mwenye programu. Huu ndio usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. WhatsApp ilikamilisha kuuweka katika mazungumzo yote mwezi Aprili 2016, ikitumia kanuni zilizobuniwa na watu wa Signal wenyewe.

Hata hivyo, barua iliyofungwa ina bahasha, na juu ya bahasha kuna habari: nani amemwandikia nani, lini, na mara ngapi. Habari hizo huitwa metadata. Aliye na bahasha zako za mwaka mzima aweza kujua mengi juu yako ingawa hajasoma hata neno moja. Kwa hiyo swali la faragha lina sehemu mbili: nani aweza kusoma barua, na nani anatunza bahasha. Tangazo linalojibu sehemu moja na kuacha msomaji adhani kwamba limejibu zote mbili ni tangazo la kupotosha, hata kama kila neno lake ni kweli.

Waliohama walihamia wapi?

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kilichoko Singida mjini. Hesabu za hisa, majina ya wanaodaiwa na sababu za kuchelewa kulipa, kama ugonjwa au msiba, huandikwa katika kundi lao la WhatsApp. Wakisikia kwamba barua zao zitasomwa, wakahamia Telegram kwa kutafuta siri, watakuwa wamepata nini?

Watakuwa wametoka katika nyumba yenye kufuli na kuingia katika nyumba ambayo mwenyewe anabaki na ufunguo wa akiba. Katika Telegram, mazungumzo ya kawaida huhifadhiwa katika mitambo ya kampuni, na usimbaji wa mwisho hadi mwisho upo tu katika mazungumzo maalumu ya siri baina ya watu wawili ambayo mtumiaji lazima ayaanzishe mwenyewe. Makundi hayana kabisa kinga hiyo. Habari hizi Telegram imezieleza katika kurasa zake za maelezo. Lakini mtu anayekimbia moto hasomi kurasa za maelezo. Husoma kibao kilicho mlangoni. Katika siku zile za Januari, akaunti ya Telegram ilirusha kichekesho cha wachukuzi wa jeneza wanaocheza kuifanyia WhatsApp dhihaka. Kichekesho hakikuwa uongo. Ila yule mama wa Singida hakuambiwa jambo moja alilohitaji kujua kabla ya kuhamisha daftari la wenzake.

Signal nayo ilikuwa na neno lake. Tarehe 7 Januari ilieleza kwamba namba za kuthibitisha usajili zinachelewa kwa sababu ya wingi wa watu, na kwamba inashughulikia jambo hilo. Tarehe 15 Januari mitambo ilizidiwa na huduma ikakatika. Iliporejea, baadhi ya watumiaji waliona taarifa za hitilafu katika mazungumzo yao, na Signal ikaeleza chanzo chake na kwamba usalama wa ujumbe haukuguswa. Huu ni mfano mzuri wa kuwaambia wageni habari mbaya mapema. Zaidi ya hayo, madai yake yaweza kuhakikiwa: maandishi ya programu yako wazi kwa mtaalamu yeyote kuyakagua, na ilipotakiwa na mahakama ya Marekani mwaka 2016 itoe habari za mtumiaji, iliweza kutoa tarehe ya kufunguliwa akaunti na tarehe ya mwisho kuunganishwa, basi.

Wala Signal haikuwa bila upungufu. Wakati huo mtu hakuweza kuitumia bila kuonyesha namba yake ya simu kwa anaowasiliana nao. Njia ya kuificha kwa kutumia jina ililetwa mwaka 2024. Mwalimu anayetaka kuwasiliana na wazazi asiowafahamu vema angehitaji kuambiwa hilo.

Hofu ya namna nyingine

Si kila kuhama husababishwa na masharti ya kampuni. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, mitandao ya kijamii ilizuiwa nchini humo, na usiku uliofuata intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Watu wengi walitafuta programu za VPN, ambazo hupitisha mawasiliano ya simu katika mtambo ulioko mahali pengine. Programu hizo hupenda kutangaza kwamba ukizitumia hakuna atakayekuona. Kisayansi neno hilo si sahihi. Mtoa huduma wako wa intaneti haoni tena unakokwenda, lakini mwenye mtambo wa VPN sasa anaona. Macho hayakuondolewa, yamehamishwa. Kwa Tanzania kuna jambo la ziada: mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wazisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Anayewaalika Watanzania bila kutaja sharti kama hilo anawaachia wageni wake kubeba athari wasiyoijua.

Sheria na mipaka yake

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sheria hizi ni ngao muhimu. Lakini malalamiko huchukua muda kusikilizwa, na umati huhama kwa siku tatu. Ndiyo maana uaminifu wa mwandishi wa tangazo unahitajika kabla ya mkono wa sheria kufika.

Vipimo vinne

Kutokana na mambo tuliyoyaona, twaweza kuweka vipimo vinne vya tangazo la programu wakati wa taharuki.

Kwanza, je, tangazo linasimama lenyewe? Ondoa jina la mshindani na makosa yake, kisha soma kilichobaki. Kama hakuna kilichobaki, mnunuzi hana mzani. Ana sauti tu.

Pili, je, limetaja kile ambacho programu haifanyi? Mtu mwenye hofu hujaza nafasi tupu kwa matumaini yake. Mwandishi anayejua hivyo, akaiacha nafasi tupu makusudi, amedanganya kwa kunyamaza.

Tatu, je, madai yaweza kuhakikiwa na kutunzwa? Ahadi ya “kamwe” ni nzito. Kwa miaka mingi Telegram ilijivunia kwamba haijawapa wengine habari za watumiaji wake. Mwezi Septemba 2024, baada ya Durov kukamatwa Ufaransa mwezi Agosti, ilibadili masharti yake ili iweze kutoa namba za simu na anwani za intaneti za wahalifu inapotakiwa kisheria. Ni afadhali kusema “programu imeundwa hivi, kwa hiyo hatuna cha kutoa” kuliko kusema “tuaminini”.

Nne, je, limetaja gharama ya kuhama? Kikundi kinapohama, mwanachama mwenye simu ya zamani au asiye na nafasi katika simu yake hubaki nyuma. Asiyepata taarifa ya kikao hukosa mkopo. Kumwambia mtu ahame leo bila kumkumbusha awaulize wenzake ni kumgawa na jirani zake.

Zoezi la darasani

Mwalimu aandike ubaoni tangazo hili la programu ya kubuni: “Wamekuuza! Sisi hatutakuuza kamwe. Usalama wa asilimia mia. Hamia leo.” Wanafunzi walipime kwa vipimo vinne, kisha waliandike upya. Jibu moja lifaalo laweza kuwa hivi: “Karibuni. Ujumbe wenu hufungwa katika simu yenu, nasi hatuwezi kuusoma, hata wa makundi. Tunatunza namba yenu ya simu na tarehe ya kujiunga. Wiki hii huduma yaweza kuchelewa kwa wingi wa watu. Hakikisheni wenzenu wote wanaweza kujiunga kabla ya kufunga kundi la zamani.” Darasa lijadili: tangazo la pili litavuta watu wachache zaidi? Na wale litakaowavuta, watakaa kwa muda gani?

Zoezi hili lina faida nje ya darasa. Katika nyumba nyingi, ujumbe wa kutisha unapoingia katika simu ya mama au ya babu, anayeulizwa kama ni kweli ni mtoto anayesoma sekondari. Akijua kutofautisha barua na bahasha, na akajua kuuliza tangazo limenyamazia nini, ataweza kuwajibu wazee wake kwa utulivu, nao watakuwa na nafasi ya kuamua kabla hawajavuka barabara.