Fahamu: Gegedu la kifundo cha mguu hutibiwaje kwa matundu mawili?

Uliteguka kifundo cha mguu, uvimbe ukaisha, lakini miezi imepita na bado kinauma ukishuka ngazi. Huenda gegedu, tabaka telezi linalofunika mfupa, limechubuka. Halina mishipa ya damu, hivyo halijiponyi kirahisi.

Daktari hutoboa matundu mawili madogo: moja la kamera nyembamba kuliko kalamu, jingine la vifaa. Hukwangua kilicholegea, kisha hutoboa vitundu mfupani ili damu na uboho vichuruzike na kuotesha gegedu jipya. Jipya, ila si imara kama la asili. Njia hii hufaa zaidi kwa kidonda kisichozidi milimita 15.

Usidanganywe na udogo wa kovu: utatembelea magongo kwa wiki kadhaa.

Eksirei ikiwa safi na maumivu hayaishi, mwulize daktari kuhusu MRI.