Divai laini ya "Farasi Mweupe": Kwa nini Wafaransa huchanganya zabibu za aina mbili

Ukila bibo, au ukinywa chai iliyochemshwa na majani mengi kupita kiasi, ulimi hukauka na mdomo hujikunja. Huo ndio ukakasi. Divai nyekundu nayo ina ukakasi, kwa sababu zabibu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu zake. Maganda hayo hayo ndiyo yanayotoa rangi nyekundu. Mtengenezaji akiyatoa mapema mno, divai hupauka na kukosa nguvu. Akiyaacha muda mrefu mno, inakuwa chungu na kali.

Mpenzi msikilizaji, hata kama hutumii kileo, habari hii inakuhusu kama unalima. Ulaini wa divai nzuri huanzia shambani.

Shamba lenyewe

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika eneo la Bordeaux, kuna mji mdogo wa Saint-Émilion. Pembeni mwake, mpakani na Pomerol, lipo shamba la Château Cheval Blanc, maana yake Farasi Mweupe. Lina ukubwa wa hekta 39 hivi, yaani kama ekari 96. Kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja, hadi mwaka 1998 liliponunuliwa na matajiri wawili, Bernard Arnault na Albert Frère.

Udongo wake si wa aina moja. Kuna sehemu za changarawe zinazopitisha maji haraka, na sehemu za mfinyanzi zinazotunza unyevu.

Zabibu mbili, kazi mbili

Zabibu kuu za hapo ni Merlot na Cabernet Franc. Merlot huiva mapema, ina utamu mwingi na ukakasi wake ni mpole. Hiyo ndiyo inayoleta ulaini. Cabernet Franc huchelewa kuiva. Inaleta harufu nzuri na ule uchachu unaoiwezesha divai kukaa miaka mingi bila kuharibika. Majirani wengi hutegemea zaidi Merlot, lakini Cheval Blanc hupanda Cabernet Franc kwa wingi.

Mchanganyiko huu pia ni kinga, kama wewe unavyopanda mahindi na mtama. Merlot huchipua mapema, kwa hiyo baridi ya Aprili huikuta imeshatoa machipukizi. Cabernet Franc ikichelewa, mvua za mwisho wa msimu huikuta bado haijavunwa. Ni nadra mwaka mmoja kuziumiza zote mbili sawasawa.

Kila kipande na tangi lake

Zabibu za vipande mbalimbali vya shamba hazimwagwi pamoja siku ya mavuno. Jengo lililofunguliwa mwaka 2011 lina matangi 52 ya zege, ili kila kipande kichachushwe peke yake. Baadaye wataalamu huonja tangi baada ya tangi na kuamua lipi liingie kwenye mchanganyiko. Ndiyo maana vipimo hubadilika kila mwaka. Divai iliyochaguliwa hukomaa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni kwa zaidi ya mwaka, na huko ukakasi huzidi kupungua. Isiyofikia kiwango hicho huuzwa kwa jina la pili, Le Petit Cheval, au haitumiki kabisa.

Mwaka uliokosa chupa

Kinga hiyo ina mipaka. Aprili 1991 sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu usiku, iliunguza machipukizi ya mizabibu kote Bordeaux. Mizabibu ilichipua tena, lakini zabibu za machipukizi ya pili zilichelewa kuiva. Zabibu mbichi zina ukakasi mkali ambao hata Merlot haiwezi kuuficha. Mwaka huo hakuna chupa iliyouzwa kwa jina la Château Cheval Blanc. Walikubali kupoteza mapato kuliko kumpa mnunuzi kitu kilicho chini ya jina lao.

Miaka ya karibuni shamba hilo limepanda miti katikati ya mizabibu, ili kutunza udongo na kuvuta ndege na wadudu wenye faida. Kilimo mseto ambacho wazee wetu wengi wanakijua kimefika hadi kwenye mojawapo ya mashamba ghali kuliko yote Ufaransa.