Baridi ya Meru Haifuniki Pipa

Ukimuuliza mtu wa Sakina au Njiro kama analala kwenye chandarua, mara nyingi atakujibu kuwa Arusha hakuna malaria. Ana haki kiasi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, kimelea cha malaria hakikui ndani ya mbu. Utafiti wa kitaifa wa 2017 uliiweka Arusha kwenye mikoa yenye maambukizi chini ya asilimia 1 kwa watoto wadogo.

Lakini miili iliyokulia kwenye baridi haina kinga. Mtoto akitoka likizo penye malaria, kama Muheza au Mto wa Mbu, akashikwa na homa, msipoteze siku mkidhani ni mafua. Mpelekeni akapimwe, na mganga aambiwe alikotoka. Inasikitisha kusafiri bila chandarua katika mji ambao tangu 2003 unatengeneza vyandarua vyenye dawa vinavyotumika katika nchi nyingi za Afrika.

Tena malaria si peke yake. Mbu wa dengue, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hupenda maji ya majumbani. Mwaka 2019 Dar es Salaam iliugua sana homa ya dengue. Kwetu, mgao wa maji unatufanya tujaze mapipa na ndoo, na tairi chakavu nyuma ya gereji zinakinga mvua ya masika.

Chota maji ya pipa kwa kikombe cheupe, utulie. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Vya dengue huning'inia kichwa chini, vikipumua kupitia mkiani.

Kumwaga maji pekee hakutoshi, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mbu wa dengue hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa pipa likijazwa tena. Sugua kuta kwa brashi ngumu kila wiki, kwa kuwa penye joto yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi hivi. Simtanki usilolisugua, lifunike barabara, na bomba lake la kumwagia maji yanayozidi lifunge wavu wa dirishani kwa waya.